Pumzi Ndani ya Konokono

Mimi siamini mashetani, naamini fyuzi. Miaka thelathini na sita ya ufundi umeme wa magari nimeletewa magari yaliyorogwa mpaka nimechoka: gari linalopiga honi peke yake, gari linalojifunga milango funguo zikiwa ndani, gari linalolia kama mtoto kila likipita makaburini. Yote niliyaponya kwa bisibisi na tepu. Jini moja lilikuwa panya. Wateja wakianza habari za uchawi nilikuwa nawakata kauli: "Mzee, mita kwanza, mganga baadaye." Kwa hiyo usinichukulie kama mtu wa kutishwa na kivuli chake.

Nilikuwa na kazi moja ya magharibi, isiyo na makuu. Kila siku ya tatu, jua likianza kuzama, natoa chaja kwenye kabati la jikoni, nabeba waya mrefu wa umeme, navuka ua mpaka banda la mabati, nachaji betri za Konokono.

Konokono ni gari letu. Lilikuwa basi dogo bovu, nikaligeuza nyumba kwa mikono yangu mwenyewe: kitanda, jiko la gesi, friji ndogo kama sanduku, feni moja, taa tatu. Jina alilitoa mke wangu, eti linabeba nyumba mgongoni na halina haraka. Yeye nami nilimwita Bi Harusi, miaka thelathini na moja, mpaka watoto wa mtaa wakadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Gari la namna hii lina betri mbili. Moja ni ya kuwashia injini. Ya pili ni betri ya nyumba, ya taa na friji na vitu vya ndani. Zimetenganishwa makusudi, ili ukikesha na taa, asubuhi injini bado iwake. Gari likikaa bila safari zote mbili hushuka polepole, na betri ikiachwa tupu hufa. Ndiyo maana nilinunua chaja janja. Si zile za zamani zilizokuwa zinachemsha betri mpaka banda linanuka yai viza. Hii inapima yenyewe, inajaza, ikifika inapunguza, kisha inakaa inalinda. Wewe kazi yako ni kubana vibanio viwili na kubonyeza kitufe kimoja.

Bi Harusi amekufa, huu mwezi wa saba.

Wiki ya tano baada ya mazishi ndiyo nilipoanza kuona mambo. Nilikuwa nimezima swichi kuu ya Konokono, hakuna hata saa iliyokuwa inatumia umeme mle ndani. Nikaenda na mita yangu ya kupimia umeme. Betri ya kuwashia: volti kumi na mbili nukta sita, safi kabisa. Betri ya nyumba: kumi na moja nukta nane.

Tupu.

Nikaichaji ikajaa. Baada ya siku tatu, tupu. Nikang'oa kabisa waya wa hasi, isiguswe na kitu. Siku tatu, tupu. Nikasema betri yenyewe imeoza, nikaipeleka karakana, nikaiweka juu ya meza wiki nzima. Haikushuka hata nukta moja. Nikachukua betri nyingine mpya ya mteja, nikaifunga ndani ya Konokono. Siku tatu... unajua jibu.

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya mlango wa ubavuni, mita mkononi, nalitukana gari lile matusi yote ninayoyajua. Mwanga wa mwisho wa jua ulikuwa unaingia kwenye matundu ya mabati. Nikanyamaza ili nivute hewa nitukane tena.

Fsss...

Kimya.

Fsss...

Ndani. Upande wa kitanda.

Nikafungua mlango. Hakuna mtu. Godoro tupu, mto umesimamishwa ukutani kama nilivyouacha. Harufu ya dawa yake ya kuchua kifua, ile yenye mikaratusi. Na pumzi inakuja, inakwenda, palepale usawa wa mto.

Lazima nikueleze. Bi Harusi alikuwa na mapafu mabovu. Miaka minne ya mwisho alilala na mashine ya oksijeni tuliyoazimwa na hospitali, na mrija mwembamba puani. Betri ya ndani ya mashine ilishakufa zamani. Nyumbani tuliichomeka ukutani, safarini ilitegemea betri ya nyumba ya Konokono. Lakini mashine hiyo niliirudisha hospitali wiki moja baada ya kumzika. Niliweka sahihi. Mle ndani ya gari hapakuwa na mashine, hapakuwa na mrija, hapakuwa na kitu chochote cha kutoa sauti ile.

Unafikiri nilikimbia? Sikukimbia. Nilipanda nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikalia mpaka kifua kikaniuma. Ukilala na mtu miaka thelathini na moja unaijua pumzi yake. Ilikuwa inakwaruza mwishoni, kama yake. Ilikuwa inapumzika kidogo katikati, kama yake. Nilifurahi. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu.

Basi nikachaji. Na nikagundua kitu. Betri ikiwa imejaa, pumzi ilikuwa nyepesi. Ikianza kushuka, pumzi nayo inakuwa nzito. Kuna siku homa ilinilaza, nikachelewa siku moja, na nilipofika bandani nilimsikia kabla sijafungua komeo. Khhh... khhh... Alikuwa anatapatapa. Nilikimbia na ule waya mpaka nikajikwaa nikachubuka magoti yote mawili. Tangu hapo sikuchelewa tena.

Sasa nikuambie alivyokufa. Hili sikuwahi kumwambia mtu.

Binti yetu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, anakaa mbali, safari ya siku mbili. Bi Harusi alisema hata kama atafika anatambaa, mjukuu atambeba. Jioni ya kuamkia safari nilianza na betri ya kuwashia, ikajaa. Nikahamishia vibanio kwenye betri ya nyumba, nikabonyeza, taa ya kijani ikaanza kucheza, nikaingia ndani. Bi Harusi alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Nikaanza kumkata kucha za miguu, maana yeye akiinama tu pumzi inakata. Nipo kwenye kidole gumba cha kushoto, umeme ukakatika. Nikamkata na nyama.

"Fundi mzima unashindwa na ukucha!" akasema gizani.

Tukacheka. Hata mshumaa hatujauona, umeme ukarudi.

Sasa ile chaja, pamoja na ujanja wake wote, ina ujinga mmoja. Umeme ukikatika ukarudi, haiendelei na kazi. Inakaa na kitaa cha njano inangoja mtu aje abonyeze tena. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wateja. Nikawaza: nyanyuka, kabonyeze. Lakini Bi Harusi alikuwa ameegemeza kichwa begani kwangu, bado anacheka, na siku zile alikuwa hacheki ovyo. Nikasema nitakwenda baadaye. Nikasahau.

Asubuhi tulichelewa. Nikachomoa chaja huku nagombana na mkanda wa sanduku, sikuitazama. Mimi ninayewapigia wateja kelele kwamba pima, usiamini taa, siku ile sikupima wala taa sikuitazama. Injini iliwaka mara moja, nikajisifu. Njiani injini huijaza kidogo na ile betri nyingine, lakini swichi inayoziunganisha ilikuwa imeungua. Nilikuwa nimeahidi kuibadilisha tukirudi.

Tulilala uani mwa kituo kimoja cha mafuta. Mimi nililala kiti cha mbele, kwa sababu ya kukoroma kwangu. Karibu na alfajiri mashine ikaanza kulia. Pi, pi, pi. Niliisikia. Nilikuwa naota, na katika ndoto nikadhani ni lori linarudi nyuma. Nikageukia upande wa pili.

Nilipoamka palikuwa kimya.

Msibani watu waliniuliza, "Fundi, betri ilikuwaje?" Nikajibu kabla sijafikiri: "Niliijaza. Nilipima kwa mkono wangu." Neno likishatoka limetoka. Nikadhani ndio mwisho wake. Kumbe watu hawapendi kifo kisicho na mwenyewe. Kama betri ilikuwa imejaa na mashine nzima, basi ni nani aliyemkaba mama wa watu?

Muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyetoa jibu. Alisema jioni ile ya kuamkia safari alimwona dada yangu akitoka ndani ya Konokono. Anatoka kinyumenyume. Pekupeku, ananyata, viatu mkononi.

Dada yangu ndiye mkubwa wangu, mjane, hana mtoto. Alikuwa anakaa chumba cha uani kwetu. Yeye na mke wangu walikuwa na maneno yao ya wifi na wifi, juu ya cherehani ya marehemu mama, miezi miwili hawasemeshani vizuri. Na ndani ya Konokono, miguuni pa kitanda, palikutwa kijiblanketi cha kufuma cha sufi nyekundu ambacho hakuna aliyejua kimefikaje. Wakakigeuzageuza. Wakasema tazameni mafundo haya, kila fundo ni pumzi moja. Wakakichoma uani. Binti yangu ndiye aliyewasha kiberiti.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale. Neno moja tu lingetosha. Nikatazama moshi.

Dada hakujitetea. Hilo ndilo lililommaliza. Mtu akiitwa mchawi akanyamaza, nani tena atamtetea? Akafungasha, akahamia chumba kimoja nyuma ya dobi, mitaa minne kutoka kwangu. Watu waliacha kumsalimu. Binti alikataa kumwonyesha mtoto. Miezi saba, dada yangu wa tumbo moja alibeba kosa langu, na mimi kila siku ya tatu nikawa najifungia bandani kusikiliza pumzi. Nilikuwa najua ananingoja niseme. Bi Harusi. Niliamini hicho ndicho kinachomzuia asiende. Lakini nikisema, atakwenda. Nikisema, na binti atakwenda. Ningebaki na nini?

Jumanne moja binti akapiga simu, mimi nikiwa naanza kukunjua waya.

"Baba, umesikia? Wamemmwagia mafuta ya taa mlangoni. Wamempa mpaka kesho asubuhi ahame, la sivyo watachoma."

"Wamemmwagia nani?"

"Shangazi. Nani mwingine?"

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu. Mwenye haki ya kusema ni Mama, na Mama hayupo."

Waya ukaniponyoka. Nilikwenda kwa miguu, mbiombio, na malapa ya ndani.

Nilimkuta amekaa kitandani na begi lake limeshafungwa. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa inachoma macho. Alikuwa amekonda. Aliniangalia juu mpaka chini, akaishia kwenye malapa.

"Na wewe umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kukuchukua, Dada. Twende nyumbani."

"Ukanizike uani?" Hata siku ile hakukosa la kusema. "Subiri basi nivae viatu. Sitaki kuonekana tena pekupeku."

Tukatembea bila kusalimiwa na mtu. Tulipoingia uani jua lilikuwa limezama, lakini mawingu bado yana wekundu. Nikamshika mkono nikampeleka bandani. Alipoona tunakokwenda akagoma.

"Huko siendi."

"Nina neno la kukuambia. Siwezi kulisema mwenyewe akiwa hayupo."

"Mwenyewe nani?"

Nikafungua mlango wa ubavuni.

Fsss...

Dada akanishika bega.

Fsss...

Nikasema yote palepale, nimesimama, kabla ujasiri haujaniishia. Kucha. Umeme. Kitufe. Lori la ndotoni. Uongo wangu msibani. Nilisema, "Dada, nimekuua wewe na nimemuua yeye. Niseme nini?" Nilitegemea anipige kofi. Nilitamani anipige.

Hakunipiga. Alikuwa anaangalia ndani ya gari.

"Kumbe na wewe unajilaumu," akasema taratibu. "Mimi nilijua ni mimi peke yangu."

"Peke yako nini?"

"Mdogo wangu, kile kitaa cha njano mimi nilikiona. Nilikuja jioni ile kuweka blanketi la mtoto. Nilikuwa nimemfumia. Nikasema wifi akifungua gari njiani atalikuta, moyo wake utalegea, tutapatana. Umeme ulikuwa ndio kwanza umerudi. Nikaona chaja yako ina njano, na siku zote huwa kijani. Nikajua kuna kitu hakiko sawa. Lakini uliwahi kunifokea mbele ya watu nilipochomoa pasi kwenye waya wako. Nikasema nisiguse vitu vya mwenyewe. Nikanyamaza."

"Dada..."

"Walipoanza kuniita mchawi nikasema labda uchawi ndio huu. Kuona kitu na kunyamaza. Ningejitetea kwa lipi?"

Nililia mbele ya dada yangu kama nilipokuwa na miaka sita. Yeye akanipapasa mgongo. Lile blanketi lilikuwa la mjukuu wangu, nasi tulihesabu mafundo yake tukalichoma.

"Na zile habari za kunyata?" nikamuuliza baadaye, nikijipangusa pua. "Pekupeku, kinyumenyume?"

"Si nilikuwa naogopa kumwamsha."

"Kumwamsha nani?"

"Wifi." Akaonyesha kitanda kwa kidevu. "Alikuwa amelala humu. Sikuwasha taa, lakini nilimsikia. Ndiyo pumzi hii hii. Ila siku ile ilikuwa nzuri, ndefu, kama ya mtu mwenye afya yake. Nikafurahi. Nikasema leo wifi kapata nafuu. Ndiyo maana nikavua viatu, nikarudi nyuma taratibu."

Nikamtazama.

"Dada. Umeme unakatika, unarudi, mpaka tunakula, Bi Harusi hakuinuka kwenye kochi. Kichwa chake kilikuwa hapa." Nikajigusa bega.

Ndani ya gari pumzi ikaja, ikaenda.

"Sasa," akanong'ona dada, "humu alikuwa nani?"

Fsss...

Tulitoka bandani tumeshikana mikono, wazee wawili, hatukuthubutu kugeuka. Nikafunga komeo. Nikampigia binti simu palepale uani, nisije nikajipa muda wa kubadili mawazo. Habari za pumzi sikumwambia. Nilimwambia yangu tu: kitufe, na uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia mtoto analia upande wa pili, naye hambembelezi.

"Mimi ndiye niliyewasha kiberiti, Baba," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Ulikuwa umesimama pembeni yangu."

"Najua."

"Mpe Shangazi simu."

Walilia wote wawili, muda mrefu. Dada alikuwa anasema tu, "Basi, mama, basi, yamekwisha." Akanirudishia simu ikiwa imeshakatwa. Binti alisema shangazi yake apandishwe basi la asubuhi, aende akakae kwake, akambebe mtoto. Juu yangu hakusema kitu. Mpaka leo hajanipigia.

Kulipokucha nilianza na muuza mkaa. Nikamweleza mbele ya wateja wake. Nikaenda kwa dobi, nikaenda kwa wale vijana wa mafuta ya taa, kila mlango. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walisema masikini fundi, dada yake amemroga na yeye sasa anajisingizia. Mdomo wa mtu haufungwi kwa kufuli.

Kwenye kituo cha basi dada alinikumbatia kwa nguvu nisiyoijua kwake. "Ile betri usiichaji tena," akaniambia sikioni. "Iache ife. Chochote kile kilichomo humo, kiache kife nayo. Niahidi."

Nikaahidi.

Siku ya kwanza sikwenda bandani. Nilikaa kwenye kochi nikawaza kama fundi, hatua kwa hatua. Kama kuna kitu kilishaingia mle kabla ya safari, na kama kinakunywa betri siku tatu ikaisha, basi hata ningebonyeza kile kitufe labda isingesaidia. Labda si mimi niliyemuua. Unajua jinsi nilivyolitaka wazo hilo? Nililikumbatia usiku kucha. Lakini wazo lile lina mkia. Kama si mimi, basi ni hicho kitu. Na miezi saba nimekuwa nakilisha kwa mkono wangu, nakililia, nakisimulia habari za mjukuu.

Siku ya pili sikwenda. Siku ya tatu sikwenda. Nilifungua redio kwa sauti ya juu.

Siku ya nne, magharibi, nikaisikia hata juu ya redio.

Khhh... khhh...

Nilikwenda mikono mitupu. Naapa. Nilikwenda kuhakikisha tu. Nikaegemea mlango wa Konokono na kusikiliza anavyotapatapa. Ilikuwa yake kabisa, ndugu yangu. Kile kikohozi kidogo kabla ya kuvuta, ule mluzi wa mwishoni. Ndivyo alivyokuwa akihema kule kwenye kituo cha mafuta, mimi nikiwa nimegeukia upande wa pili. Mtu gani anaweza kusimama akasikiliza mara mbili?

Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Bi Harusi," nikanong'ona. "Ni wewe?"

Pumzi ikakata.

Haikufifia. Ilikata katikati, kama mtu anayezuia pumzi asikilize vizuri nje kuna nani. Nikaanza kuhesabu, bila kujua kwa nini. Tano. Kumi. Hospitali nesi aliwahi kumwambia mke wangu avute pumzi moja ahesabu mpaka kumi. Aliishia nne, na machozi yakamtoka. Ishirini. Thelathini. Sikio langu lilikuwa kwenye bati, nami nilijua kwa mifupa yangu yote kwamba upande wa pili kuna sikio jingine. Arobaini. Hamsini. Mke wangu hakuwahi kuwa na pumzi ya kuzuia. Sitini.

Kisha kikaanza tena. Kikohozi kidogo, kuvuta, mluzi. Kikaigiza vizuri sana, hakikukosea hata kimoja.

Nikarudi jikoni. Nikatoa chaja kabatini, nikachukua waya. Nikabana chekundu, nikabana cheusi, nikabonyeza, nikangoja mpaka kijani kikaanza kucheza. Halafu nikakaa chini, mgongo kwenye tairi, nikasikiliza pumzi yake ikipata nafuu.